Sahani Chini ya Kawa

Wanafunzi wa wifi yangu Somoe walifika siku tuliyoanua tanga. Walikuja na basi la asubuhi kutoka Lindi, wasichana watupu, wamevaa sare na mitandio myeupe, wakaketi kwenye mkeka wa ukumbini kimya kama watu wanaongoja kugawiwa mtihani. Nyumba ni ileile ya mama mkwe wangu, Kilwa Masoko, ila bati limebadilishwa na ukuta wa jikoni sasa ni wa matofali. Waliposomewa dua na kuitwa uani kunawa mikono, mmoja alibaki nyuma, mrefu, mwembamba, anakunja na kukunjua pindo la mtandio wake. Akaniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba. "Wewe ndiye Wifi Fatu?" akaniuliza. Nikashtuka. Watu wananiita Mama Sefu au Bi Fatu. Jina la Wifi Fatu lilikuwa na mdomo mmoja tu, na mdomo huo tulikuwa tumeuzika juzi. Nikamwambia ndiye. Akasema anaitwa Rehema, yuko kidato cha sita, na kwamba Mwalimu alikuwa akinitaja darasani. "Alitwambia kuna swali moja halijapatiwa jibu maisha yake yote, na kwamba lilianzia jikoni kwenu, mnamenya mihogo. Nikasema nikifika nimuulize huyo Wifi Fatu, ni kweli?" Macho yake yalikuwa yamejaa machozi na ameyashikilia pale pale, hayamwagiki. Nikamwambia akale kwanza, wali unapoa, tutazungumza. Kweli ni kwamba nilikuwa nimeshatoka pale ukumbini na kurudi kwenye mwaka ule.

Mimi nimesoma mpaka darasa la saba. Haya nitakayoyasema hapa kuhusu chembe na nyota na saa ni yale niliyoyasikia kwa Somoe, na nimeyashika kama mtu anavyoshika aya kabla hajajua maana yake. Kama nimekosea mahali, yeye hakukosea.

Mwaka ule nilikuwa mke wa kaka yake, Selemani, na ndoa yetu ilikuwa changa kiasi kwamba majirani walikuwa bado wananiita bibi harusi wakitaka kunitania. Selemani alikuwa utingo wa lori. Walipakia mbata, nazi zilizokaushwa, magunia mpaka juu, wakaondoka kwenda Dar es Salaam katikati ya masika, wakati ambapo barabara ile ilikuwa bado udongo na gari likizama lilikaa mpaka jua litoke. Kabla ya kufika Somanga kuna mto mdogo ambao kiangazi watu wanauvuka bila kuvua viatu. Siku ile ulikuwa umefurika. Dereva akaona magari mengine yamesimama, akasema lake ni zito, maji hayataliweza. Maji yaliliweza. Dereva alipatikana chini zaidi, amenaswa kwenye matete, akazikwa kwao. Lori lilipatikana limelala ubavu. Selemani hakupatikana. Watu walitafuta wakachoka, kisha yakaanza maneno: mmoja amemwona Somanga anakunywa chai kichwa kimefungwa kitambaa, mwingine amemwona Kariakoo anasukuma mkokoteni, amemwita, hakugeuka.

Mama mkwe wangu, Bi Zuhura, aliyapokea maneno yale kama mtu anavyopokea mgeni aliyemngojea, akayapa pa kukaa. Alikuwa mwanamke mkavu, mwenye vidole virefu, na muda wote mkononi mwake kulikuwa na ukili wa mkeka anausuka. Alipitisha amri mbili ndani ya nyumba. Ya kwanza, chakula cha Selemani kitapakuliwa kila jioni kama kawaida, kiwekwe mezani chini ya kawa, lile kawa lenye mistari ya zambarau alilolisuka mwenyewe kwa ajili ya harusi yetu. Ya pili, hakuna kulia. "Usimlilie mtu aliye hai," aliniambia siku alipokuta macho yangu mekundu. "Utamwitia mauti." Aliyasema taratibu, kwa upendo hata, huku akinifuta uso kwa upindo wa khanga yake. Tangu hapo nikawa natoka chooni uso umeshanawishwa.

Kila asubuhi sahani ilifunuliwa na mimi nikala kiporo chake, kwa sababu chakula hakitupwi na kwa sababu, alisema Mama, mke ndiye mwenye haki ya kiporo cha mumewe. Samaki baridi na wali uliogandamana, au ugali wa muhogo uliofanya ngozi juu. Nilikula nikiwa nimekaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, nimeipa mgongo nyumba. Chumbani shati lake la kazini lilikuwa limetundikwa kwenye msumari, nalo nililifua kila Ijumaa, ingawa hakuna aliyelivaa, mpaka kola ikaanza kuchanika. Nilikuwa si mke, maana mume sinaye, na si mjane, maana hakuna aliyekufa. Sikukaa eda, sikupokea mkono wa pole, sikujipaka wanja. Watu wakija kunisalimia walikuwa hawajui washike sauti ipi, ya furaha au ya msiba, basi wengi wakaacha kuja.

Somoe alikuwa kidato cha nne. Ndiye aliyekuwa mtoto wa mwisho, na alilala chumba cha pili na vitabu vyake ndani ya karai kwa sababu ya mchwa. Mwalimu wake wa fizikia, Mwalimu Komba, mtu wa Songea aliyekuwa na miwani imefungwa waya, alimwazima kitabu kimoja kinene cha Kiingereza kilichoachwa na mwalimu mgeni. Alimwambia, "Hiki hakimo kwenye mtihani. Usije ukasema Komba amekufelisha." Somoe alikibeba kama anabeba yai. Alikisoma jikoni, na kamusi kwenye mapaja, akanitafsiria kwa sauti, nami nikiwa nakuna nazi au natwanga kisamvu. Sidhani kwamba alitaka nijue. Nadhani alitaka sauti yoyote ijae ile nyumba isiyoruhusiwa kulia. Kaka yake alikuwa ndiye anayemlipia madaftari na kumletea kalamu za Dar, na yeye pia alikatazwa machozi kama mimi. Basi akayageuza maswali.

"Wifi, unajua kwamba saa ikiwekwa chini hapa pwani inakwenda pole pole kuliko ikiwekwa juu milimani?"

"Saa mbovu hiyo," nikamwambia.

"Si saa. Muda wenyewe. Kitu kizito kama dunia kinauvuta muda. Ukiwa karibu nacho, muda wako unapita taratibu zaidi."

Bi Tatu, jirani yetu, alikuwa amekuja kuomba kaa la moto. Yeye alizaliwa Kipatimu kule vilimani, akaletwa pwani na ndoa, na kila siku alikuwa na la kusema kuhusu joto letu. Akasimama na kifuu chake mkononi. "Kwa hiyo mimi ningebaki kwetu ningekuwa nimezeeka zaidi?"

"Kidogo sana, bibi. Hata huwezi kuona."

"Hata hicho kidogo nakitaka! Nimwambie mzee wangu, alikuwa anadhani kanioa, kumbe kanipunguzia uzee." Akacheka mpaka kaa likaanguka. Halafu akauliza, "Na kitabu chako kinasema kwa nini foleni ya kisimani haiendi kabisa?" Hata Mama alitabasamu, akauficha mdomo kwa ukili.

Siku ile, Bi Tatu alipoondoka, nilimwambia Somoe kwamba sasa nimeelewa kwa nini siku za nyumba hii haziishi: kuna uzito mkubwa humu ndani. Nilidhani atafurahi. Akatikisa kichwa. "Hapana, wifi. Samahani. Uzito wa moyo haumo kwenye hesabu." Hivyo ndivyo alivyokuwa. Hakuweza kukupa neno zuri kama si la kweli, hata ukiwa unalihitaji. Wakati ule niliona ni ukali wa mtoto wa shule. Siku hizi nikikumbuka naona kwamba alikuwa mtu pekee mle ndani ambaye hakunidanganya hata mara moja.

Aliniambia kwamba kitabu chake kina sura mbili ambazo hazisalimiani. Moja ni ya vitu vikubwa, nyota na dunia na muda unaopinda, wanaiita uhusianifu. Nyingine ni ya vitu vidogo kupita vumbi. Hiyo wanaiita kwanta. Kila moja ni kweli, imepimwa, haina kosa. Lakini ukizileta pamoja hesabu zinavurugika.

"Kama wake wenza," alisema Mama bila kuinua macho. "Kila mmoja chumbani kwake hana neno. Wape jiko moja uone."

"Hivyo hivyo, mama!" Somoe akapiga kofi. "Hivyo hivyo kabisa. Nitamwambia Mwalimu."

Nimeikumbuka sana siku ile, kwa sababu ilikuwa mara ya mwisho kuwaona wawili wale wakicheka pamoja. Baada yake ilikuja siku ya paka.

Ilikuwa alasiri, kipupwe, upepo wa kusini unapeperusha majivu ya jikoni. Nilikuwa naosha ming'oko, ile mizizi ya porini tunayoichemsha kwa chumvi, na Mama alikuwa mlangoni anasuka. Somoe alikuwa amefika mahali pagumu. Alituambia kwamba chembe ndogo, kama hakuna aliyeitazama, haiko hapa wala haiko pale. Iko kote kuwili, mpaka itazamwe, ndipo inakuwa mahali pamoja. Mama akasema huyo ni jini. Somoe akasema si jini, kuna mfano. Chukua paka, mtie ndani ya sanduku, na humo weka sumu na chembe moja. Chembe ikivunjika, sumu inamwagika. Isipovunjika, paka anaishi. Lakini kwa kuwa hakuna aliyeitazama, chembe imevunjika na haijavunjika. "Sasa paka," akasema Somoe, "mpaka sanduku lifunguliwe, ni hai na ni maiti."

"Nani kamfungia paka wa watu?" Mama akauliza.

"Hakuna paka, mama. Ni mfano."

"Mfano wa watu wasio na huruma. Na huyo paka mwenyewe hajijui kama yuko hai?"

Somoe akanyanyua uso. "Hilo na mimi nataka nikamuulize Mwalimu."

Vidole vya Mama vilikuwa vimesimama kwenye ukili. Mimi niliviona, kwa sababu vidole vile havikuwa na desturi ya kusimama. "Rudia," akasema. "Mpaka sanduku lifunguliwe, hakuna anayeweza kusema paka amekufa?"

"Hakuna."

"Hata mtu mwenye elimu?"

"Hata yeye, mama. Kitabu ndivyo kinavyosema."

Mama akaanza kusuka tena, haraka, na uso wake ulikuwa umekaa vizuri kama wa mtu aliyeshiba. Somoe hakuona kitu, alikuwa ameshafungua ukurasa mwingine.

Haikupita muda Shehe Bakari akaja na wazee wawili. Walikaa barazani, mimi na Somoe tukiwa ndani nyuma ya pazia, na mwili wangu ndio uliokuwa unazungumzwa, kama ni wa mke au wa mjane. Shehe alikuwa mtu mpole, aliyezoea kuzungumza kama anayefungua mlango usilie. Alisema kwenye maji yale hakutoka mtu. Walioona wameona. Inafaa iswaliwe sala ya ghaibu, na binti wa watu akae eda yake, miezi minne na siku kumi, kisha awe huru na maisha yake.

"Dereva alionekana," akasema Mama. "Mwanangu hajaonekana."

"Bi Zuhura, miezi imepita."

"Shehe, hata elimu ya Wazungu inasema. Muulize huyu mwanangu wa shule. Kitu kisichoonekana hakiko hai wala hakikufa, na hakuna mwenye ruhusa ya kusema, hata awe msomi wa namna gani. Mpaka sanduku lifunguliwe."

Mzee mmoja akauliza, "Sanduku gani tena?" Shehe akacheka kidogo, cheko la huzuni. "Hiyo elimu ina eda, Bi Zuhura?" Kisha akasema hataki kumlazimisha mama afiwe. Ushahidi anao wa kutosha, lakini siku Mama atakapolitamka mwenyewe, amwite, hata kama ni jua la saa saba.

Nyuma ya pazia Somoe alikuwa amenishika mkono. Alikuwa anasema kwa kunong'ona, "Sikusema hivyo. Wifi, mimi sikusema hivyo." Nikamwambia najua. Lakini kuanzia siku ile maneno yake yakazagaa mtaani. Bi Tatu aliyachukua kwa mzaha akayapeleka sokoni, na wanawake waliokuja kumpa moyo Mama wakawa wanasema, ndiyo, hata kitabuni imo. Mama hakuwa tena na haja ya mtu wa Somanga wala wa Kariakoo. Alikuwa na kitu kikubwa zaidi, na alikuwa amekipata kwa binti yake mwenyewe. Sahani ikawa inajazwa zaidi. Akaninunulia sabuni nzuri ya kufulia lile shati.

Ndipo ikaja siku ya mihogo aliyoitaja Rehema. Tulikuwa wawili tu, Mama amekwenda kuuza mikeka. Somoe hakuwa na kitabu. Alichukua kisu akaanza kumenya upande wake wa kikapu, kisha akaniuliza swali ambalo hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameniuliza miezi yote ile: "Wewe unadhani kaka yuko wapi?" Nilimjibu kweli kadiri nilivyoweza. Nilimwambia asubuhi nikila kiporo najua yuko mtoni, chini ya matope, na nataka kulia mpaka nitapike. Jioni nikisikia pikipiki imesimama njiani, yuko Dar, na nataka kwenda kumtafuta nimpige makofi. "Navutwa kote kuwili," nilisema. "Mtu mmoja, lakini ananivuta sehemu mbili, na sisogei."

Somoe aliacha kumenya. Alikaa na mhogo mkononi nusu mweupe nusu na ganda. Baadaye akasema, pole pole, si kwangu, kama anamsomea mtu aliye mbali: "Kila kitu chenye uzito kinavuta. Hiyo ni sura ya kwanza. Kitu ambacho hakijatazamwa kiko hapa na pale. Hiyo ni sura ya pili. Sasa kitu kilicho hapa na pale, uzito wake unavuta kutoka wapi?" Akanitazama. Nikamwambia mimi sijui, mimi nimesema habari zangu tu. Akaniambia, "Najua, wifi." Halafu akainuka, akavaa buibui, na akaondoka kwenda kwa Mwalimu Komba huku mikono ina utomvu wa mihogo.

Alirudi jua linaelekea kushuka. Mama alikuwa amesharejea na chakula kimepakuliwa: wali, na samaki wa kuchoma aliyepakwa nazi, na sahani ya Selemani imekaa mahali pake chini ya kawa. Somoe hakuvua buibui. Aliketi chini mbele ya mama yake, miguu ameikunja kama anayeposa.

"Mama, nimemuuliza Mwalimu lile swali lako. La paka kama hajijui."

"Enhe. Kasemaje?"

"Kasema ni swali zuri, na kuna mengi humo wenyewe wanabishana. Lakini kuna moja kasema nililifahamu vibaya. Mimi nilidhani kutazama ni macho ya mtu. Si macho, mama. Chochote kinachogusa, kimetazama. Upepo ukigusa umetazama. Mwanga, joto, vumbi. Ile chembe inakuwa hapa na pale ikiwa peke yake kabisa, haijaguswa na kitu. Lakini kitu kikubwa, jiwe, paka, mtu, kinaguswa na kila kitu. Hakikai katikati hata kufumba na kufumbua."

Mama alikuwa anamtazama bila kupepesa. "Unasemaje?"

Somoe akakishika kidevu chake kwa mkono. "Nasema kaka hakuwa kwenye sanduku. Hakufungiwa hata kidogo. Sisi ndio hatukumwona. Maji yalimwona, mama."

Kuku wa Bi Tatu walikuwa wanapanda kulala, wanagombana. Mama akasema, kwa sauti isiyo na hasira, na nadhani ingekuwa na hasira ingekuwa rahisi zaidi kwa Somoe kuibeba: "Umemzika kaka yako kwa mdomo." Kisha akanyoosha mkono akainua kawa. Mvuke ukatoka. Akavuta sinia letu, akamimina wali wa Selemani juu yake, akamchambua yule samaki kwa vidole vyake virefu, akatoa miiba, akatuwekea minofu, mimi upande wangu na Somoe upande wake, na yeye akabakiwa na kichwa. "Kuleni," akasema. "Kisipoe." Alipoona sisogezi mkono akanitazama. "Na wewe lia basi. Unangoja nini?"

Kusema kweli sikulia. Nilikula. Chakula kilikuwa cha moto, na ilikuwa mara ya kwanza tangu masika kula chakula cha mume wangu kikiwa cha moto, na kilikuwa kitamu, na niliona haya kwamba ni kitamu. Nililia baadaye uani, nikiwa naosha sahani ile, iliponijia kwamba kesho asubuhi haitakuwa na kitu. Mama akaja akaketi kwenye kibao cha mbuzi kando yangu, akaanza naye, na Bi Tatu akapanda juu ya kinu upande wa pili wa ua, akatuona, akajua, akaja bila kuitwa.

Shehe aliitwa. Sala ya ghaibu iliswaliwa Ijumaa. Nikavaa nyeupe nikaingia eda, na kwa kuwa mjane haachwi peke yake, Somoe akahamishia godoro lake chumbani kwangu. Hakuleta lile karai la vitabu. Kile kitabu kikubwa alikirudisha kwa mwenyewe, akasoma ya mtihani tu, kimya, kwa macho. Mama alimpikia, alimfulia, alimwombea dua siku za mitihani. Lakini hakumwuliza tena unasoma nini. Kabla ya hapo lilikuwa ndilo neno la kwanza Somoe akiingia mlangoni: "Unasoma nini leo?" Likakoma. Mama aliishi miaka mingi baadaye na halikurudi. Masika mengine yalipokuja eda yangu ilikuwa imekwisha, na Somoe amefaulu, anakwenda kuendelea na masomo mbali. Nilimsindikiza stendi. Kwenye ngazi ya gari aligeuka akaniuliza, "Wifi, nilifanya vibaya?" Nikamwambia alinirudishia machozi yangu. Akasema, "Lakini mama nilimnyang'anya." Gari likaondoka.

Mimi niliolewa tena, nikazaa, nikazeeka. Somoe akawa mwalimu Lindi na hakuolewa. Likizo alikuja kwangu, tukala mihogo, na kila mwaka nilimuuliza kwa utani kama lile swali lake limejibiwa, naye akasema bado, wakubwa wa dunia nzima bado wanaligombania. Mara moja tu, wakati ameshaanza kuumwa, alinieleza jambo ambalo sikulijua. Siku ile ya mihogo hakwenda kwa Mwalimu Komba ili apate neno la kumwambia mama yake. Alikwenda akitumaini Mwalimu atamwambia kwamba sanduku ni la kweli. "Na mimi nilimtaka kaka abaki humo," alisema. "Nilimuuliza Mwalimu mara mbili, kama mtu anayeomba apunguziwe bei. Akasema hapana. Ningefanyaje, wifi?"

Haya ndiyo niliyokuwa nayo kichwani wakati wasichana wale wanakula uani. Rehema alirudi, amenawa, akaketi mbele yangu. Nikamwambia ndiyo, ni kweli, lilianzia jikoni, lakini mimi nilikuwa nazungumza habari za mume wangu, swali ni lake. Akauliza kama Mwalimu alilipatia jibu mwishoni. Nikamwambia hapana. Akaitikia kwa kichwa, akakaza midomo, na nikaona vile anavyoyashikilia macho yake.

"Mbona unajizuia?" nikamuuliza.

"Tulikubaliana kwenye basi tusilie. Tusije tukawaumiza wenye msiba."

Nikamwambia asogee karibu. Nikamwambia kwamba nilimwosha Mwalimu wake mimi mwenyewe, na wanawake wawili wakinimiminia maji. Kichwa chake nilikilaza kwenye mkono wangu huu wa kushoto. Nilimsafisha kucha, zilikuwa na chaki. Alikuwa mzito kuliko nilivyotegemea kwa mtu aliyekonda vile, na uzito wake wote ulikuwa hapa, mkononi, mahali pamoja tu.

"Nimemwona, mwanangu," nikamwambia. "Lia."